Kurasa Mbili za Kijana, Mistari Mitatu ya Wazee

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 29, naishi Pangani, hii ya Kibaha, siyo ya Tanga. Kazi yangu ni kupiga video. Sina ofisi wala bosi: nina kamera moja, lenzi mbili, kompyuta niliyoinunua mkononi kwa mtu, na taa huwa nakodi. Nilianza na harusi, sendofu na kicheni pati. Miaka hii miwili nimeingia kwa wasanii. Nimeshuti kwaya ya kanisa moja la Mailimoja, bendi inayopiga hotelini wikiendi, fundi anayechonga ngoma na vinyago, na sasa waimbaji wa singeli ndio wanaonitafuta zaidi.

Mmoja wao ndiye aliyenifanya nikuandikie. Tulikubaliana shilingi 700,000. Akanipa 200,000 ya kukodi taa na nauli za vijana wa kucheza, akasema nyingine nikimaliza. Nikashuti, nikaediti, nikakesha. Akaomba nimtumie aangalie kama kuna cha kurekebisha. Nikamtumia. Asubuhi yake kichupa kimeshaachiwa YouTube, jina langu halimo. Mpaka leo kimetazamwa mara 60,000 na zaidi. Simu zangu hapokei, na juzi nimemwona kule mtaani Picha ya Ndege ana simu mpya. Nina mipango mitatu: niripoti YouTube kishushwe, nimwanike Instagram kila mtu amjue, au rafiki yangu mmoja fundi wa kompyuta aingie kwenye akaunti yake akifute kabisa, anasema anaweza. Nianze na upi?

Baba naye amepata la kusema. Anataka niache "kucheza na kamera" nikatafute kazi kwenye viwanda vya Kwala. Nimefikia hatua ya kufikiria kuuza lenzi moja nilipe kodi ya nyumba.

Jingine ni dogo. Mwaka jana nilikuwa napiga video kikundi cha ngoma cha Kisarawe, upande wa mama yangu, kwa ajili ya filamu yangu ya kumbukumbu. Vipande vichache nikampa mwenye loji kwa tangazo lake, akanilipa 300,000, sasa wazee wamenuna, sijui nani kawatia maneno. Hilo najua litaisha lenyewe.

Mpiga Video, Pangani


Marahaba mwanangu. Barua yako nimeipunguza ili itoshe kwenye safu. Habari za kijana wa singeli ulizijaza kurasa mbili, mpaka rangi ya shati alilovaa siku uliyomwona Picha ya Ndege. Habari za wazee wa Kisarawe sikuzigusa, zimechapwa kama ulivyoziandika, mistari mitatu. Ndiyo maana kabla ya kujibu nilikupigia simu kukuuliza vipande ulivyompa mwenye loji vinaonyesha nini. Ulichonijibu nitakifikia. Nianze na unalolitaka, maana mtu anayedai hasikii jingine mpaka lizungumzwe deni lake.

Rafiki yako wa kompyuta mwambie asante, abaki na ujuzi wake. Kuingia kwenye akaunti ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na polisi hawataanza kwa kukuuliza ulikuwa unadai shilingi ngapi. Leo wewe ni mdai. Huyo rafiki akishaingia, kesho wewe ni mtuhumiwa na yule kijana ndiye mlalamikaji.

Kumwanika nako hakukulipi. Watakaosoma ni wasanii wengine, na hao ndio wateja wako. Watacheka, watatoa maoni yao, halafu kila mmoja moyoni atajiuliza siku akikosana na wewe utamwanika vipi.

La YouTube lina uzito, kwa hiyo tulipime. Ukiripoti unajaza fomu na kuapa kwamba kazi ni yako. Sauti ya wimbo ule si yako. Ni ya mwimbaji na ya prodyuza aliyeutengeneza studio. Picha umezipiga wewe. Hakuna kati yenu awezaye kusema kichupa ni chake peke yake, na kwa kuwa hamkuandikiana, yeye atasema alikuagiza kazi kwa pesa na pesa alishaanza kutoa. Akiipinga ripoti yako, YouTube wanakupa siku 10 za kazi uonyeshe kwamba umefungua kesi. Usipoonyesha, video inarudi hewani na wewe umebaki unatazama. Kwa upande wake, maonyo matatu ndani ya siku 90 yanaua chaneli nzima, kwa hiyo ni silaha kweli, si mchezo. Fomu yenyewe ina nafasi ya kumpa mtu siku saba aondoe mwenyewe kabla haijaondolewa kwa nguvu; kama siku moja utalazimika kuripoti, pita njia hiyo.

Ila fikiri kidogo. Hujawahi kuwa na tangazo kubwa kuliko hilo, limetazamwa mara 60,000, na unataka kulizima kabla mtazamaji hata mmoja hajajua ni nani aliyelipiga. Dai lako la kwanza, kabla ya shilingi, ni jina lako na namba yako kwenye maelezo yaliyo chini ya video. Hilo halimgharimu kitu, kwa hiyo ni rahisi kulikubali, na akilikubali kwa maandishi amekiri kwamba kazi uliifanya wewe. Ukishapata hilo, deni lina mguu wa kusimamia.

Wala usidanganyike na hizo namba. Njia ya kawaida ya chaneli kuanza kulipwa kwa matangazo ni kufikisha wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, na hata ikifikisha, kutazamwa Kibaha na Mbagala hakulipi kama kutazamwa London. Na simu mpya siku hizi mtu anaondoka nayo dukani kwa kianzio kidogo, marejesho kila siku, akishindwa inajifunga. Simsafishi. Nakuambia tu kwamba huenda laki tano hana mfukoni, na ndiyo sababu hapokei. Mwimbaji wa singeli anakula jukwaani, kwenye vigodoro na shughuli za watu, na anakula usiku ule ule. Mwandikie akulipe laki moja kila anapomaliza shoo. Mtu asiyeweza kutoa laki tano anaweza kutoa moja, na akitoa ya kwanza ameshaanza kuzoea kuipokea simu yako.

Ushahidi unao, hata kama hukuandika mkataba. Sheria yetu ya mikataba inatambua makubaliano ya mdomo, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe wa simu kupokelewa mahakamani. Yale mazungumzo ya WhatsApp alimotaja bei, ujumbe wa muamala wa zile 200,000, ile "nitumie nicheki": usifute hata kimoja, na vitolee nakala. Mwandikie barua ya madai yenye tarehe. Asipojibu, nendeni serikali ya mtaa mwenyekiti awasikilize. Mengi ya namna hii huishia pale, kwa sababu hakuna anayependa mama yake asikie ameitwa ofisini kwa mwenyekiti. Akigoma, deni la ukubwa huo ni la Mahakama ya Mwanzo, ambako kesi inasikilizwa kwa Kiswahili na unaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Wapo pia wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, hao watakuelekeza bila malipo. Na huna sababu ya kukimbia. Madai ya mkataba yana miaka sita kabla hayajapitwa na wakati.

Lile la kumtumia kazi safi, yenye ukubwa wake wote, kabla pesa haijaisha, umejifanyia mwenyewe. Nakala ya kuangalia huwa ndogo, ina jina lako limelala katikati ya picha kutoka mwanzo hadi mwisho. Msanii akiipachika hivyo hivyo YouTube, anakutangaza. Nakala safi inatoka siku simu yako inapolia ujumbe wa muamala.

Baba yako usigombane naye. Anachokiona ni kijana anayekesha kazini na bado kodi inamshinda, na hapo hajakosea. Mpe hesabu badala ya maneno: mwezi kwa mwezi, harusi zimeingiza nini, wasanii wameingiza nini, umekodi vitu vya shilingi ngapi. Ninavyokisia mtagundua pamoja kwamba harusi zinakulisha wewe na zinawalisha wasanii pia.

Sasa Kisarawe.

Uliniambia kwenye simu, kwa sauti ya mtu anayetaja jambo la kawaida: akina mama wanaimba, msondo unapigwa, mwali anatolewa, sekunde 40 hivi, na uso wake unaonekana vizuri kwa sababu jua la jioni lilikaa mahali pake. Nikakuuliza wazee walikubali upige kwa ajili gani. Kwa filamu ya kumbukumbu, ukasema. Waliambiwa habari za loji? Ukanyamaza, halafu ukasema mtandao kule unasumbua, walikuwa hawapatikani.

Isome tena barua yako, ukiwaweka wazee mahali pako na wewe ukikaa mahali pa yule kijana. Kuna mtu alikabidhiwa kazi kwa kuaminiwa, akaipeleka asikotumwa, bila majina ya walioifanya, faida akala yeye. Tofauti ninayoiona ni kwamba wa singeli alitanguliza laki mbili. Nilikuuliza wewe ulitanguliza nini. Ukasema soda.

Sheria unayoitaka ikusaidie ni ya mwaka 1999, ya Hakimiliki na Hakishiriki. Watu wa kamera huisoma nusu, ile inayowahusu. Kuna nusu nyingine inayowalinda wanaoimba na kucheza, kwamba wana haki ya kuridhia kurekodiwa kwao na kurushwa kwao. Na kuna sehemu nzima ya sanaa za jadi: ngoma na nyimbo za jamii zikitumika kutafutia faida nje ya mazingira yake ya asili, zinahitaji kibali, na jamii zilikotoka itajwe. Tangazo la loji ni faida, na mazingira yake ya asili si hayo. Umeikunja karatasi hiyo kumpiga nayo mwenzako, hukuona kwamba upande wa pili imeandikwa jina lako.

Na mwali je? Ana miaka mingapi? Ulisema hukuuliza. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ridhaa inatangulia, na ya mtoto inatoka kwa mzazi au mlezi. Mama yake binti ameridhia nini? Kwamba mtoto wa mama mdogo wa nani sijui amekuja na kamera, basi.

Sheria niziweke pembeni, maana wazee wako hawakununa kwa sababu ya kifungu. Kwetu Pwani kumtoa mwali si siri yote. Siku ya kutoka watu wanaalikwa, anapambwa, anatunzwa pesa, ngoma inapigwa na mpita njia anasimama kuangalia. Ya ndani yalifanyika ndani. Lakini zipo nyimbo zinazoimbwa nje, mbele za watu, ambazo maneno yake anayajua aliyepita ndani tu. Wewe mwanamume hukuyaelewa, na hukutakiwa kuyaelewa. Akina mama wale walikuacha upige kwa kuwa wewe ni wao, mtoto wa binti yao; mtu mwingine mwenye kamera kama yako angeambiwa arudi barabarani. Wimbo huo sasa unasikika chini ya bei ya chumba na kifungua kinywa.

Najua utakachosema, kwa sababu ulianza kukisema kwenye simu: siku ile kulikuwa na simu chungu nzima hewani, kila mtu anarekodi, vingine viko TikTok mpaka leo. Ni kweli. Mimi mwenyewe sipendi, lakini ni kweli. Mpwa aliyerekodi kwa simu akakosea, shangazi yake atamsema jioni ile ile na atafuta. Hakuuza. Hakukaa na wazee miezi akiwaambia anawatengenezea kumbukumbu. Wewe ulipewa nafasi ya mbele, ukaelekezwa usimame wapi, ukasubiriwa ubadilishe betri. Ndiyo maana la kwako limewauma kuliko ya hao wote.

Usije ukaelewa kwamba nasema ngoma zifungiwe kabatini. Msondo wenyewe ulishatoka zamani. Bendi ya NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964, ikapita majina ya JUWATA na OTTU, leo ni Msondo Ngoma, na sijasikia bibi yeyote wa Uzaramoni aliyelalamika kwamba ngoma yake imepelekwa dansini. Singeli nayo, wajuzi wakiifuata nyuma, wanapita kwenye mchiriku na kufika kwenye ngoma za Wazaramo hizi hizi. Kwa hiyo kijana unayemdai anaimba juu ya mdundo wa babu zako, na wala hajui. Sanaa hutoka nyumbani kwa njia hiyo kila siku, hutembea, hubadilika, hurudi imevaa nguo nyingine. Waliochukua mdundo walichukua mdundo. Uso wa binti wa mtu waliuacha kwao.

Wala sikuambii ufute ukaanze kuuza mitumba. Mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979, na Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Zanzibar walitutangulia, wao walianza 1973. Radio Tanzania ilituhifadhia sauti, na gitaa la Mbaraka tunalisikia mpaka leo. Vidole vyake vikitembea juu ya nyuzi wengi wetu hatukuwahi kuviona. Na huyo ni mtu wa bendi kubwa, aliyefika studio. Mpiga msondo wa kijijini na fundi aliyeuchonga hawakufika hata huko. Ulichonacho kwenye hadi diski yako ndicho watu wa rika langu tulichokikosa, na kwa sababu hiyo nakukasirikia zaidi kuliko ambavyo ningemkasirikia mtu wa matangazo asiyejua alichokishika.

Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Kenya na mashine zake za kurekodi, akawarekodi vijana wa Kikipsigis wakiimba wimbo unaoitwa Chemirocha. Wimbo ukaenda Afrika Kusini kwenye maktaba yake ya muziki, ukaingia kwenye santuri, wataalamu wa dunia nzima wakaupenda na kuuandikia. Wenyewe walikaa zaidi ya miaka 60 ndipo maktaba ile, ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi na wenzao, ikawapelekea nakala. Wapo waliokuwa vijana siku ya kurekodiwa na wakaja kujisikia wakiwa wazee wa mvi. Nikifikiria habari hiyo huwa najiuliza kuhusu ambao hawakufika siku hiyo, wangapi walikufa bila kujua wimbo wao uliishia wapi. Tracey alikuwa mgeni, anapita na gari, makao yake yako nchi nyingine. Wewe kutoka Pangani mpaka Kisarawe unakwenda na kurudi siku hiyo hiyo kwa daladala.

Basi fanya hivi. Leo mpigie mwenye loji aliondoe lile tangazo. Usimwombe afikirie, mwambie ulimuuzia kisichokuwa chako na kwamba ndani yake kuna mtoto wa watu. Neno mtoto litamfanya aliondoe haraka kuliko unavyodhani. Atataka pesa yake, na ana haki. Mwahidi kumrudishia kidogo kidogo, au mpe picha nyingine badala yake: msitu wa Pugu asubuhi ukungu ukiwa bado, au yule fundi wa kuchonga akiridhia na akilipwa.

Kisha nenda Kisarawe na mama yako. Usiende peke yako. Mama atangulie, aombe kikao kwa mjomba wake, wewe ukae chini usubiri kuulizwa. Ukiulizwa, omba radhi kwa maneno machache. Usieleze jua la jioni. Usiseme "kama nimewakosea". Peleka laki tatu zote. Najua kodi haijalipwa, najua pia mwenye loji naye atakuwa anadai, maana yake pesa hiyo utailipa mara mbili; sijaona namna ya kuipunguza ambayo wazee hawataigundua. Kama huna, sema huna, taja tarehe, na tarehe hiyo usiikose. Mama wa mwali muone pembeni, na hapo anayezungumza ni mama yako. Wewe salimia, inama, kaa kimya.

Wakikubali kuendelea kukusikiliza, ndipo ufungue kompyuta. Waonyeshe kila ulichopiga, hata vilivyotikisika. Mazungumzo ayaongoze kiongozi wa kikundi, siyo wewe: hiki kibaki, hiki kifutwe, hiki wakione akina mama tu. Watakachosema kifutwe, kifute mbele yao, na kwenye nakala ya akiba pia. Kinachobaki waachie wao kwanza, kwenye flashi mbili, nyumba mbili tofauti, maana flashi hupotea. Ridhaa usiwapelekee karatasi ya Kiingereza waweke dole gumba. Washa kamera, kila mmoja ataje jina lake na aseme kwa mdomo wake amekubali zitumike wapi na wapi hapana. Majina hayo hayo ndiyo yatakayopita mwisho wa filamu. Na kama unataka ionekane hadharani, kwenye tamasha la Bagamoyo au Zanzibar, ulizia mapema taratibu za Bodi ya Filamu. Ukienda kuzitafuta filamu imeshakwisha na tamasha ni wiki ijayo, utahangaika.

Inawezekana wakakataa. Mjomba anaweza kusema futa yote, na usirudi na kamera hapa. Utafuta. Filamu yako itakuwa ya fundi wa kuchonga, au ya kwaya ya Mailimoja, au haitakuwepo. Sina njia ya kukuzungusha hapo.

Ukishatoka huko, andika karatasi yako ya kazi, nusu ukurasa, Kiswahili chepesi, uwe nayo kila unapokwenda. Bei, nusu kabla ya kuwasha kamera. Nakala ya kuangalia ina jina lako, nakala safi inafuata malipo. Jina lako linakaa wapi. Mafaili ghafi yanabaki kwa nani na kwa muda gani, maana hilo nalo hugombanisha watu. Msanii hudhani akilipia kichupa amelipia na vyote vilivyomwagika. Halafu mstari mmoja zaidi, ambao ungekusaidia kumbana kijana kidogo na ungewasaidia wazee kukubana sana: picha hizi zikitakiwa na mtu mwingine, nani anaulizwa kwanza, na anapata nini. Karatasi iwe moja kwa wote. Usiwe na ya wasanii wanaokulipa na nyingine ya wazee unaowapiga bure, kwa sababu kwenye ile ya bure ndiko ulikoteleza.

Barua ya madai ya kijana iandike baada ya kutoka Kisarawe. Ikija kusomwa kwa mwenyekiti, akauliza kama na wewe kuna mtu anakudai kazi yake, uwe na la kumjibu. Kibaha na Kisarawe watu wanajuana kuliko unavyofikiri.

Lenzi usiuze. Kabla ya Ramadhani harusi zitajaa hapo Mailimoja mpaka Mlandizi, na chache tu zitatosha kodi, ukikumbuka kuchukua nusu kabla bibi harusi hajatoka saluni.